Kadi, ubao, lahajedwali au programu ya simu: kipi kitakusaidia kutomsahau mtoto yeyote kundini?

Kiongozi wa skauti akichoka na kumbukumbu za kundi lake, swali la kwanza huwa ni kipi chepesi zaidi. Ni swali la haki. Wengi wetu tunajitolea, na muda wa kuandika ni ule unaobaki baada ya hema kukunjwa na mtoto wa mwisho kuchukuliwa na mzazi wake. Lakini wepesi peke yake haukuchagulii. Mimi hutanguliza swali jingine: kabla ya siku ya kutunuku beji, je, kumbukumbu hii inaweza kunionyesha ni mtoto gani hajatajwa kwa muda mrefu, na amekwama wapi?

Mtoto aliye mbele hahitaji kutafutwa. Atakuja mwenyewe, kadi mkononi, na mara nyingi mzazi wake yuko nyuma yake. Wa kutafutwa ni yule anayefika, anabeba kuni, anacheza, anarudi kwao, na hakuna anayekumbuka kwamba fundo linalosubiri saini alishalifunga mbele ya watu. Nitalinganisha njia nne za kufuatilia kwa kipimo hicho, halafu nitagusa mambo ambayo hakuna kifaa kitakachokuamulia: kiwango, nani anayepima, na wakati wa kutunuku.

Kwanza ujue unafuatilia nini

Chama cha skauti cha Marekani hugawa maendeleo ya skauti katika hatua nne: anajifunza, anapimwa, anapitiwa, anatunukiwa. Kupitiwa si mtihani wa pili. Ni kikao cha kuzungumza na mtoto juu ya safari yake, alichokipenda, kilichomshinda, na anakotaka kwenda. Hata kama kundi lako liko chini ya chama kingine na halitumii utaratibu huo, mgawanyo wenyewe unafaa sana kuazimwa.

Kumbukumbu nyingi za makundi zina sehemu moja tu, ya mwisho: jina la beji na tarehe iliyotolewa. Matatizo hukaa katikati. Mtoto amejifunza dira, ila mkufunzi aliyetakiwa kumpima hakutokea. Mwingine amepimwa na kufaulu, ila jina lake liko kwenye kikaratasi kilichosahaulika mfukoni mwa suruali ya kambi. Wa tatu amemaliza kila kitu na beji yenyewe haijaagizwa. Kwa watoto wote watatu neno ni moja: "Sijapewa." Kwa kiongozi ni kasoro tatu, na kila moja ina dawa yake. Kumbukumbu isiyotenganisha hatua hizi itakuambia kwamba watoto watatu hawana beji, basi, na wewe utadhani ni wazembe.

Kadi au kijitabu cha mtoto mwenyewe

Hii ndiyo njia kongwe, na bado ina sifa ambayo nyingine hazina: mali ni ya mtoto. Anaibeba, anaifungua, anaona yeye mwenyewe kilichobaki, na anakuja kudai kupimwa. Maendeleo binafsi ya kila mtoto ni mojawapo ya nguzo za mbinu ya skauti duniani kote, na sijaona chombo kinachoitumikia nguzo hiyo vizuri kuliko kijitabu kilichochakaa chenye saini za watu mbalimbali. Mtoto wa miaka 11 akikuonyesha saini ya kambi ya mwaka jana, hakuonyeshi takwimu. Anakusimulia.

Sasa ubaya wake. Kadi hupotea, hulowa, hufuliwa pamoja na shati. Na kupotea kwenyewe hakugawanyiki sawa. Watoto ambao nyumbani kuna mtu anayewapangia begi hutunza kadi zao miaka yote. Wanaoishi huku na huku, wiki kwa mama na wiki kwa baba, au wanaohamahama, huzipoteza. Ukitegemea kadi peke yake, bila kujua unapima utulivu wa nyumba ya mtoto kisha unaandika juu yake "ujuzi wa skauti".

Ubaya wa pili ni kwamba kiongozi haoni kundi zima. Ana kadi thelathini katika mabegi thelathini. Yule mtoto wa pembeni niliyemtaja mwanzoni hawezi kuonekana humo hata kidogo, kwa kuwa hataitoa kadi yake bila kuombwa.

Dawa zipo, na si ngumu. Kwa wadogo, kadi zikae kwenye sanduku la kundi, zigawiwe mwanzo wa mkutano na kukusanywa mwisho. Kwa wakubwa, waachiwe, lakini kila saini inakiliwa siku hiyohiyo kwenye daftari la kundi. Siku hiyohiyo, si Jumamosi ijayo.

Ubao wa nyota ukutani

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ubao wenye majina ya watoto upande mmoja na nyota upande mwingine huonekana mchangamfu, wageni huusifia, na ndiyo njia mbaya kuliko zote nne ikiwa lengo ni haki. Mtoto mwenye nyota 15 alishajua kwamba ana 15. Mwenye mbili anakumbushwa kila anapoingia mlangoni, mbele ya wenzake, na aliyejiunga wiki iliyopita anaanza maisha yake ya skauti akiwa wa mwisho.

Ubao unafaa kwa kazi nyingine: kuonyesha kinachokuja. "Mwezi huu tunapima ramani na dira." Unafaa pia kwa mambo yanayofanywa kwa pamoja na kikosi, yaani kile kikundi kidogo cha watoto ndani ya kundi, kama kujenga daraja la kamba au kupanga matembezi, kwa sababu hapo sifa ni ya kikosi kizima. Ondoa majina ya mtu mmojammoja, ubao utakuwa rafiki.

Lahajedwali au daftari kubwa la kiongozi

Naziweka pamoja kwa sababu akili yake ni moja: watoto wanashuka chini, mstari mmoja kwa kila jina, matakwa ya beji, yaani mambo ambayo mtoto anatakiwa kuyatimiza ili aipate, yanakwenda kulia, safu moja kwa kila takwa. Ukiwa na kompyuta, ni lahajedwali. Usipokuwa nayo, daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula hufanya karibu kazi yote.

Nguvu yake haiko kwenye visanduku vilivyojazwa. Iko kwenye vilivyo tupu, na namna ya kuvisoma. Wengi husoma kwa mstari: mtoto huyu amebakiza nini? Anza kwa safu. Ukikuta safu nzima ni tupu, au ina jina mojamoja tu, tatizo si la watoto. Kundi halijawahi kufundisha jambo hilo, au lilifundisha mara moja siku ambayo mvua ilizuia nusu ya watoto kufika. Hakuna mtoto wa kulaumiwa hapo. Mwenye deni ni ratiba ya viongozi. Ukishaondoa safu za namna hiyo, ndipo usome mstari kwa mstari, na hapo ndipo majina ya kweli yanajitokeza: mtoto aliyekosa kambi mbili mfululizo, mtoto aliyejifunza yote na hajapimwa hata moja.

Vitu viwili vinaifanya iwe na thamani zaidi. Badala ya alama ya vema, andika tarehe na herufi za mwanzo za jina la aliyempima. Alama ya vema haisemi chochote mwakani, ilhali tarehe na mpimaji hukuwezesha kuuliza. Pili, ongeza safu moja mwishoni: "mara ya mwisho kutambuliwa mbele ya kundi". Kisha ipange orodha kwa safu hiyo, tarehe ya zamani kabisa ikae juu. Majina matatu au manne ya kwanza ndiyo kazi yako ya mwezi huu. Nimeona viongozi wazoefu wakishangaa ni akina nani wanaojitokeza juu ya orodha hiyo. Si watundu, maana watundu hutajwa kila wiki kwa njia moja au nyingine. Ni watiifu wasio na kelele.

Udhaifu wake ni mtu. Lahajedwali huwa na mwenyewe, mara nyingi mmoja, anayejua safu ya kijani maana yake nini. Akihama, kundi linabaki na faili lisilosomeka. Na watoto hawalioni, kwa hiyo linamtumikia kiongozi zaidi kuliko mtoto. Ndiyo maana sipendekezi litumike peke yake.

Programu ya simu au ya mtandaoni

Baadhi ya vyama vina programu mahususi. Marekani kuna Scoutbook, na makundi mengi ya Uingereza hutumia Online Scout Manager. Uzuri wake ni kwamba matakwa ya kila beji yamekwisha kupangwa, viongozi kadhaa wanaweza kujaza kwa wakati mmoja, na programu inakuonyesha nani amekamilisha beji na bado hajakabidhiwa. Ile kasoro ya tatu niliyoitaja juu, ya beji isiyoagizwa, karibu inakwisha.

Kama chama chako kina programu yake, sababu ya kuikataa iwe nzito. Kama hakina, usiazime ya nchi nyingine kwa sababu tu inapendeza. Utajikuta unajaza matakwa ya watu wengine, na kulazimisha beji zako ziingie kwenye majina yasiyo yake.

Jambo ambalo halisemwi sana ni macho ya wazazi. Programu nyingi humruhusu mzazi kuona maendeleo ya mtoto wake, na hilo linaweza kuwa zuri: mzazi anajua kwamba kilichobaki ni kulala nje usiku mmoja, na anampeleka kambini. Linaweza pia kugeuza beji kuwa mradi wa nyumbani. Ukianza kupokea ujumbe wa usiku unaouliza kwa nini takwa la nne halijawekewa alama, ujue anayefuatilia si mtoto tena. Ushauri wangu: wazazi waone kilichokamilika na kinachokuja, ila ombi la kupimwa litoke kinywani mwa skauti mwenyewe.

Kuna na suala la siri. Kumbukumbu za maendeleo hukaa jirani na taarifa za afya, simu za nyumbani, wakati mwingine picha. Daftari likipotea limepotea moja. Nywila ya programu ikigawiwa ovyo, umefungua mlango wa nyumba zote. Weka kidogo iwezekanavyo, na kiongozi akiacha kazi, ruhusa yake ifungwe siku ileile.

Kwa kutazama haraka:

| | Mtoto anaona hatua zake? | Kiongozi anaona aliyesahaulika? | Kambini bila mtandao | Kiongozi akiondoka |
|---|---|---|---|---|
| Kadi | Ndiyo, vizuri sana | Hapana | Inafaa, ikikingwa na maji | Inabaki kwa mtoto |
| Ubao wenye majina | Ndiyo, na wenzake pia | Kidogo | Hauendi kambini | Unabaki |
| Lahajedwali au daftari | Mara chache | Ndiyo, likisomwa kwa safu | Chapisha nakala au beba daftari | Hatari kubwa |
| Programu | Hutegemea programu | Ndiyo, ukiiuliza | Mara nyingi ni shida | Salama, ruhusa zikihamishwa |

Kiwango kimoja, au juhudi za kila mmoja?

Hapa vyama vyenyewe havifanani katika kile vinachokitilia mkazo, na unatakiwa uamue kabla ya kuchora safu hata moja.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyeanza na kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwaeleza viongozi kwamba kipimo cha beji si kufikia kiwango fulani cha ujuzi tu, bali kiasi cha juhudi ambacho mtoto ametia ili aupate ujuzi huo. Hoja yake ilikuwa ya haki hasa: kwa njia hiyo mtoto anayeonekana hana tumaini anapata nafasi sawa na mwenzake mwenye kipaji au mwenye uwezo nyumbani.

Upande mwingine kuna utaratibu wa Marekani, ambako mpimaji anatakiwa kufuata matakwa kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nishani ya juu kabisa kule, Eagle, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1912, hudai beji 21 pamoja na mambo mengine, na mtoto awe amekamilisha kabla ya kutimiza miaka 18. Hata huko, skauti wenye ulemavu wanaweza kuombewa matakwa mbadala, na kwa baadhi yao hata muda zaidi. Faida ya utaratibu huu haipaswi kudharauliwa. Mtoto analindwa dhidi ya kiongozi anayependelea, na vilevile dhidi ya kiongozi anayejifanya mkali kwa kubuni masharti yake.

Mimi nagawa. Kuna ujuzi ambao wengine watauegemea: huduma ya kwanza, kuogelea, kutumia kisu na shoka, kuwasha na kuzima moto, kusoma ramani ukiwa unaongoza wenzako. Hapo kiwango ni kimoja. Mtoto aliyepewa beji ya huduma ya kwanza kwa sababu alijitahidi ataitwa siku mwenzake akivuja damu, na si haki kwa yeyote kati yao wawili. Asiyefikia, aambiwe "bado" kwa upole na apewe tarehe ya kurudia.

Kwingine kote, ufundi, upishi, mambo ya asili, burudani, ukusanyaji, huduma kwa jamii, namfuata Baden-Powell bila kusita. Mtoto mwenye vidole dhaifu anaweza kuthibitisha kwamba analijua fundo la kitanzi kisichokaza kwa kumwelekeza mwenzake hatua kwa hatua mpaka likae. Asiyeweza kusoma vizuri ajibu kwa mdomo. Mwenye haya aonyeshe mbele ya mtu mmoja anayemwamini, kikosi kikiwa mbali kidogo lakini mnaonekana.

Sharti moja: beji iwe ileile. Ukitengeneza ya pili, ndogo, ya "aliyejitahidi", umemwandika mtoto kifuani kwamba yeye ni nusu. Marekebisho yaandikwe kwenye kumbukumbu za viongozi ikibidi, yasionekane kwenye sare.

Nani atie saini

Njia tatu hutumika, na makundi mengi huchanganya bila kupanga.

Kiongozi mtu mzima kupima kila kitu ndiyo salama kwa ulinganifu, na ndiyo inayozaa foleni. Watoto ishirini wanasubiri mtu mmoja. Anayejipenyeza anapimwa, mpole anaambiwa wiki ijayo.

Kiongozi wa kikosi, yaani mtoto mkubwa anayewaongoza wenzake sita hadi wanane, anaweza kupima mambo ya mwanzo: ahadi na sheria ya skauti, mafundo ya kwanza, namna ya kufunga begi. Kule Brownsea wavulana waligawanywa katika vikosi vinne, na kumwamini mtoto mkubwa awajibike kwa wadogo ni sehemu ya uskauti tangu siku ile. Foleni inakwisha, na anayepima naye anakua. Hofu ni urafiki: wa kwetu wanapita, wa kwenu wanarudi. Hofu hiyo ina msingi, lakini inatibika kwa kanuni mbili. Mtoto apime tu kile ambacho yeye mwenyewe ameshafaulu, na kiongozi awe anachungulia kwa njia ya mchezo. Mbio za mafundo baina ya vikosi zitakuonyesha kwa dakika kumi ni saini zipi zilikuwa za kirafiki, bila kumwaibisha mtu.

Mtu wa nje, muuguzi kwa huduma ya kwanza au fundi kwa useremala, ni mzuri kwa beji nzito. Mwambie tu mapema kwamba huyu ni mtoto, si mwombaji wa kazi. Na apime mahali penye watu, asijifungie na mtoto chumbani. Kanuni hiyo ni ya kila mtu mzima, hata awe nani.

Mtoto wa kiongozi apimwe na mtu mwingine. Sisemi kwamba wazazi hupendelea. Nilichokiona zaidi ni kinyume chake: mtoto wa kiongozi hukazwa kuliko wote ili watu wasiseme. Yote mawili ni dhuluma.

Papo hapo, au siku ya sherehe?

Wanaopenda sherehe wana hoja: gwaride, wazazi, jina linasomwa, makofi. Wanaopenda papo hapo nao wana yao: mtoto wa miaka 8 akisubiri miezi mitatu, beji inapofika ameshasahau alichofanya.

Utafiti mmoja unasaidia hapa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lao na watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Wapo walioahidiwa cheti kama wangechora, wapo waliopewa cheti bila kuahidiwa, na wapo ambao hawakupewa kitu. Baadaye, watoto wakiachiwa wachague mchezo, wale walioahidiwa walitumia karibu nusu tu ya muda wa wenzao katika kuchora. Waliopewa kwa kushtukiza hawakupoteza hamu. Watoto wale walikuwa wadogo kuliko maskauti wengi, na beji si cheti cha kuchora, kwa hiyo sitaki tuubebeshe mzigo usio wake. Lakini unaeleza kitu ambacho kiongozi yeyote amekiona: mtoto anayeuliza "Hii ina beji?" kabla hajagusa kamba.

Ninavyopendelea: neno la kutambua litoke siku ileile, fupi na mahususi. Usiseme "Hongera sana." Sema, "Leo umeelekeza ramani bila kuniuliza." Beji ya kawaida ifuate ndani ya wiki chache, mwisho wa mkutano. Sherehe kubwa ibaki kwa hatua kubwa. Na kila kambi iwe na jambo moja au mawili yanayotambuliwa bila kuwa yametangazwa: aliyemkumbatia mgeni, aliyeosha sufuria isiyo yake. Hayo ndiyo yanayomfikia mtoto asiyekusanya beji.

Sherehe ikija, soma orodha siku moja kabla. Kama mtoto mmoja ataitwa mara saba na mwingine hataitwa kabisa, yule wa mara saba aitwe mara moja tu na beji zake zote zisomwe kwa pamoja.

Alama za vikosi

Nitapita haraka. Kushindanisha vikosi kwa alama huchangamsha mkutano, hakuna ubishi. Ila angalia unatoa alama kwa nini. Kuwahi, sare kamili, ada iliyolipwa: hayo kwa mtoto mdogo ni matendo ya mzazi. Kikosi kikipoteza alama kwa sababu gari la nyumbani kwa mmoja lilichelewa, wenzake watamlaumu yeye, na wiki ya tatu hatakuja. Toa alama kwa kile mtoto anachoweza kukiamua akiwa hapo uwanjani, na zifutwe kila muhula ili kikosi kilichoachwa nyuma kisikate tamaa hadi mwisho wa mwaka.

Basi uchague lipi?

Kundi dogo, la watoto wasiofika ishirini na viongozi wawili: kadi kwa watoto na daftari moja la safu na mistari kwa viongozi. Usijisumbue na kingine. Daftari likae mahali pa mkutano, lisiende nyumbani kwa mtu.

Kundi kubwa, lenye rika kadhaa na viongozi wanaopokezana: programu ya chama kama ipo, la sivyo lahajedwali ambalo angalau watu wawili wanaweza kulifungua na kulielewa. Karatasi moja ya maelezo ikae juu: kila safu maana yake nini, kila rangi maana yake nini. Kadi zibaki hata hapo. Programu haimpi mtoto kitu cha kushika.

Kundi la wadogo sana, chini ya miaka 8 hivi: punguza kila kitu. Sanduku la kadi, neno la siku ileile, beji chache. Umri huo haudai jedwali, unadai kiongozi anayekumbuka majina.

Kundi ambalo viongozi hubadilika kila mwaka: chagua kile atakachokielewa mtu mgeni kwa kukitazama tu, hata kama si kizuri kuliko vyote.

Ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine, kumbukumbu zitapishana. Daftari la zamani litasema mtoto hajapimwa, yeye atasema alipimwa, na aliyempima hayupo tena. Tenga mkutano mmoja kwa ajili ya madai hayo, kila mtoto aje na kadi, picha, au maneno yake tu. Kwa ujuzi wa usalama, mwombe akuonyeshe tena, na umweleze kwa nini. Kwa mengine yote, mwamini, andika tarehe ya leo, na kwenye nafasi ya mpimaji uandike: "Kwa neno la skauti mwenyewe."